Leo ndiyo nimejua kwa nini lambo letu halikupunguaga

Jamani, nisomeni halafu mniambie nicheke au nilie.

Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu Bunda, mimi ndiye nilikuwaga napima maji ya lambo. Kulikuwa na nguzo ya mbao yenye namba. Kila Jumatatu nasoma, naandika, napeleka ofisi ya maji.

Kiangazi kimoja lambo likakauka mpaka ng'ombe wakaanza kufa kwa kiu. Tope tupu, na kidimbwi kidogo cha maji katikati.

Lakini nguzo? Nne, kama masika.

Wiki iliyofuata, nne tena! Nikachanganyikiwa, ila niliandika nilichokiona.

Ofisi ikajibu kwamba maji tunayo ya kutosha.

Sasa leo, kwenye harusi hapa Nyasura, nikamsimulia Mzee Magesa, jirani yetu wa zamani. Akacheka mpaka akamwaga chai.

"Mwanangu, maji yalikuwa yanaikimbia ile nguzo, inabaki nchi kavu! Tukawa tunaing'oa, tunaisogeza kwenye maji ili upate cha kupima."

"Mlikuwa akina nani, mzee?"

"Baba yako ndiye alikuwaga anaigongelea topeni mpaka maji yafike kwenye nne."

Baba!

Baba huyuhuyu aliyekuwa ananiuliza kila jioni, "Hivi wewe, huko ofisini unawaandikiaga nini, mbona hawatuletei maji?"