Miwani ya Wageni

Kaka yangu ni mtunza maabara wa shule ya sekondari. Wanafunzi walimbandika jina la Mzee Funguo, na hawakumsingizia. Funguo za kabati la vifaa alizifunga kwenye mkanda wa suruali, akitembea zinalia kama mbuzi aliyefungwa kengele. Tumelala tumbo moja, lakini kwa kabati lile hata mimi nisingeambulia kitu.

Ndani mlikuwa na makoti meupe, glovu nene na miwani ishirini ya kukinga macho, vyote bado kwenye mifuko yake ya plastiki. Wakaguzi walikwisha kuikemea shule kwa kukosa vitu hivyo. Vilipoletwa, kaka akaapa kwamba havitachakaa mikononi mwa watoto. Vilitolewa asubuhi ya ukaguzi, jioni vikafutwa na kurudishwa. Kwenye mlango wa kabati alibandika karatasi kwa mkono wake: Kinga ni bora kuliko tiba. Nilimcheka sana kwa hilo, Mungu anisamehe.

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu palepale. Siku ya somo la tindikali alimfuata mjomba wake, akamwomba miwani moja tu. Kaka akamwambia asimletee mambo ya upendeleo, wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Mtoto akarudi mezani. Mwenzake akamimina maji ndani ya tindikali, badala ya tindikali ndani ya maji, ikachemka na kumrukia binti yangu usoni. Kaka ndiye aliyembeba hadi bombani, akamwosha uso huku funguo zikigonga sinki. Jicho la kushoto halikupona.

Wakaguzi walikuja. Hakuna aliyewasimulia lolote. Wakaikuta miwani haina hata mkwaruzo, wakamsifu kaka kwa utunzaji.

Siku hizi kabati halifungwi, na anayeingia maabara bila koti anatolewa nje. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nina hasira naye, na bado ni kaka yangu.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu, amekonda, akaketi ukingoni mwa kiti. Binti yangu akamletea chai, akageuza uso wote ili amwone kwa jicho lililobaki.

"Mjomba," akamuuliza taratibu, bila ubaya wowote, "katika ile miwani ishirini, yangu ingekuwa ipi?"

Kaka akaweka kikombe chini. Akafungua mkanda, akazitoa funguo, akaziacha mezani kwangu. Hajazifuata mpaka leo.