Tukingoja Binti Mfalme Atoke Juani

Wakati wa vita mimi nilikuwa farasi. Msicheke! Katika uwanja wetu kule Alunguli, mjini Kindu, mchezo ulikuwa mmoja tu, mchezo wa binti mfalme, na binti mfalme lazima awe na farasi wa kumbeba. Hakuna aliyewahi kuona farasi Kindu, lakini kwenye filamu tulimwona anavyokwenda, na aliyetambaa mchangani mpaka magoti yakachubuka nilikuwa mimi. Juu ya mgongo wangu alikaa dada yangu, binti wa mama mkubwa, kitenge cha mama yake kimefungwa kichwani na kuning'inia mpaka kiunoni. Hizo ndizo zilikuwa nywele ndefu.

Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa maji ya kunde, na mimi mweusi tititi. Binti mfalme wa katuni tuliyemwona alikuwa mweupe pe, na kati yetu sote aliyemkaribia kidogo ni dada. Basi, imekwisha. Nikisema leo zamu yangu, uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. "Weye? Weye utakuwa chungu ya kupikia ya binti mfalme!" Iliniuma, na mimi tangu zamani si mtu wa kuumwa kimya. Nilikuwa farasi mkorofi. Nilimwangusha yule dada kila nilipopata nafasi.

Filamu yenyewe tuliionea kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Kivu ya Kaskazini. Vita vilimkuta kwetu na mizigo yake, njia zikafungwa, bidhaa zikaisha, akabaki na televisheni, mashine ya kaseti na jenereta, ambayo sisi twaita grupu. Akajenga kibanda cha mahema makuukuu karibu na kivuko na kuziba madirisha kwa magunia ili mchana uwe giza. Esansi ya grupu, yaani petroli, ililetwa na vijana waliosukuma baiskeli toka upande wa Lubutu, bidoni za mafuta zimening'inia huku na huku. Sasa fikirieni hali yenyewe: chumvi hakuna, sabuni hakuna, treni imelala, mama zetu wanaogopa kwenda shamba, na sisi watoto tumebanana mbele ya kioo tukiangalia msichana wa kuchorwa anayegombana na bata wake! Nilikuwa natetemeka kwa furaha. Hata leo nikisikia harufu ya esansi moyo wangu unaruka, nageuka kutafuta kibanda.

Filamu ilisema Kiingereza, na hapo ndani hakuna aliyejua hata neno. Aliyetufasiria alikuwa koko wangu, mama mzazi wa mama. Koko aliuza karanga za kukaanga mlangoni, lakini kabla ya vita kazi yake ilikuwa nyingine, na mjini walimheshimu kwa kazi hiyo. Msichana akikaribia kuolewa aliwekwa ndani awe mwali, na koko ndiye aliyemlinda. Mwali hachoti maji, hatwangi, halioni jua. Anapakwa mafuta asubuhi na jioni, anafundishwa, anakula vizuri. Siku anapotolewa nje ngozi imetakata, imekuwa nyeupe kidogo, wanawake wanapiga vigelegele, na mtu unamsahau kabisa yule msichana wa juzi aliyekuwa anabeba kuni. Halafu maisha yanaanza, jua linampata, na rangi yake inarudi.

Basi koko alipomwona yule binti mfalme mara ya kwanza alisimama wima mbele ya kioo, kikapu cha karanga kichwani, akatangaza kwa watu wote, na kwetu "njo" ni "ndiye" au "ndiyo":

"Aaa! Huyu njo mwali! Hamumuone? Haendi shamba, hashike muchi, nyumba ya mawe, dirisha kadogo. Jua halimujue. Njo maana iko mweupe hivi. Mungoje atoke. Siku ya kutoka, njo mutaona rangi yake."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Aliyesema ni mwenye kazi yake. Tena tulikuwa na ushahidi wa macho. Majirani waliojificha msituni kukimbia vita walirudi ngozi zimepauka kwa kukaa vivulini, na baada ya kulima kidogo tu wakawa weusi kama zamani. Watu wazima walitikisa vichwa: ndiyo, mtoto amefungiwa, atatoka. Wanaume wengine walianza kumwonea huruma.

Mimi sikumwonea huruma. Mimi nilishangilia! Nilimvuta koko nguo kule kule gizani. "Koko, akitoka atakuwa kama nani?"

Koko aliniangalia toka miguuni hadi kichwani. "Sawa weye. Kabisa sawa weye."

Mama yangu, hamjui nilivyotoka mbio! Nilivuka uwanja nikimwita dada kwa sauti ya kuamsha wafu, nikampa habari. Dada akanuna, kisha akafikiri, maana alikuwa mtoto wa haki hata kama alikuwa na maringo. Tukapatana mbele ya watoto wote. Filamu ikifika mwisho, na binti mfalme akiwa mweusi, kitenge kitahamia kichwani kwangu na yeye dada ndiye atakuwa farasi. Tulishikana vidole vidogo, tukatemea mate mchangani. Kwetu ukitema mate hivyo hurudi nyuma.

Sasa shida ikawa moja. Filamu haikuisha! Kila tulipoingia, grupu ilikohoa na kunyamaza kabla ya mwisho, kwa sababu esansi ilikuwa ya kutonatona. Kioo kilizimika pale pale karibu, binti mfalme ameweka mkono kwenye mlango mkubwa, anataka kuufungua, pap! giza. Watu walipiga kelele, mwenye video aliomba radhi, na koko alisema kwa utulivu, "Mumeona? Alikuwa anatoka." Nilikuwa nalia kwa hasira, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye mlango. Sikuwaza risasi. Sikuwaza hata chakula. Nilikuwa nawaza mlango ule tu, na jua lililokuwa nyuma yake.

Halafu watu wenye bunduki wakaja mchana wakachukua grupu, televisheni na hata magunia ya madirishani. Mwenye video alibaki ameketi mahali palipokuwa na kibanda. Koko akampa karanga bure. Mimi nilirudi kwenye uwanja, nikapiga magoti, na dada akapanda. Hakunicheka siku ile. Alipanda polepole, kama anaogopa kuniumiza.

Mwisho wa filamu niliuona nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa, vita vimetulia, kwa jirani aliyenunua mashine. Binti mfalme alifungua mlango. Akatoka. Jua likamwakia uso mzima, akakimbia majanini, akaolewa, akacheza dansi, na mpaka maandishi yanapanda kwenye kioo alikuwa mweupe vile vile. Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimkuta koko anachambua mboga, nikamwambia bila hata salamu kwamba alitudanganya, kwamba hakubadilika hata ukucha.

"Hiyo haiko mwisho," koko alijibu, wala hakuinua kichwa. "Wamekata. Baada ya ndoa kuko kulima. Kuko kuchota maji. Hiyo hawakuonyesha."

Aka! Na mzee wa namna hii utamfanya nini?

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa. Binti yangu wa mwisho amechukua jina la koko, kwa hiyo koko humwita "majina" na kumharibu kwa mapenzi. Rangi amechukua yangu, nyeusi inayong'aa, na akitabasamu meno yanafika kabla yake. Siku hizi tuna sahani ya jua juu ya bati, betri na televisheni ndogo, na katuni watoto wanaziangalia mpaka nawafukuza. Mabinti wafalme ni wengi, sura mpya, nguo mpya. Lakini niliyoyaona nikiwa farasi niliyaona tena mlangoni pangu.

Ilikuwa mchana, nimetoka sokoni. Nilimkuta mtoto nyuma ya nyumba, kitenge changu kichwani kimeshuka mpaka kiunoni, uso wote umepakwa unga wa muhogo. Unga wangu wa fufu! Nilifungua mdomo kumgombeza, na yeye akaniwahi:

"Mama, usinipige. Watoto wa jirani wamesema nitakuwa mutumishi. Nikasema nitakuwa binti mufalme. Wakasema ninawe kwanza. Nimenawa, haitoke."

Haitoke. Mungu wangu! Nilimfuta uso kwa pindo la nguo yangu, nikafuta, nikafuta, mpaka akasema namwumiza. Nikawa na hasira ya kuvunja vyungu, na sikujua nimgombeze nani. Siku ile nilimpigia simu dada yangu, yule yule wa mgongoni, ambaye sasa ana duka la vitenge upande wa pili wa mto. Nilimweleza nikilia. Dada akasema tu, "Sawa. Nimesikia." Akakata simu. Nilimkasirikia na yeye.

Jumapili iliyofuata, koko yuko kwenye mkeka, mimi nasonga fufu, tukasikia sauti inatoka kwenye njia ya kivuko. Sauti nene, ya mwanamke anayekimbia na hakuumbwa kwa kukimbia.

"Amekuwa mweusi! Jamani, amekuwa mweusi!"

Majirani walitoka nje wakidhani kuna msiba. Alikuwa dada, jasho linamtiririka, kiatu kimoja mkononi. Alipofika uwanjani aliingiza mkono kifuani akatoa flashi, kile kidude cha kuwekea filamu, akakiinua juu. Alikuwa amezunguka maduka yote ya kukopi filamu, mpaka kwa kijana mmoja wa Butembo aliyemwambia kuna katuni ya binti mfalme mweusi, ila wateja hawaiulizi. "Hawaiulizi!" dada alifoka. "Nikamwambia miye nimeiuliza toka wakati wa vita!"

Fufu haikuliwa, iliachwa ikapoa. Tulijaa chumbani, sisi, watoto wetu na watoto wa jirani, wale wale wa "nawa kwanza". Dada akachomeka flashi. Na huyo akatokea! Mweusi, jamani, mweusi kama sisi, si wa kubahatisha, pua yetu, midomo yetu, nywele zimesukwa mistari inayokutana utosini, anateremka mlimani na mbuzi wake huku anamfokea. Mimi nilipiga kelele. Mwanamke mzima, mama wa watoto, nilipiga kelele nikashika mkono wa dada, na yeye alikuwa ameshaushika wangu.

Binti yangu hakupiga kelele. Alikaribia kioo taratibu mpaka pua yake ikakaribia kukigusa, na mkono ukapanda wenyewe kwenye kichwa chake, ukagusa misuko yake niliyomsuka jana.

Koko haoni vizuri tena, macho yameingia ukungu. Akauliza toka kwenye kiti chake, "Majina, niambie. Wanasema ametoka ndani? Jua limemupata?"

"Hapana, koko." Mtoto hakugeuka. "Amezaliwa hivi."

"Toka mwanzo?"

"Toka mwanzo. Mama yake pia. Watu bote."

Mbuzi alikuwa analia kwenye kioo. Nilimtazama koko. Nilimtegemea abishe, aseme wamekata, aseme kuna kipande hawakuonyesha.

"Toka mwanzo," alirudia. "Sasa sisi tulikuwa tunangoja nini?"

Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka na kulia pamoja naye. Watoto walitunyamazisha kwa ukali, maana filamu ilikuwa inaendelea. Betri ilivumilia. Tulifika mwisho, mwisho kabisa, na maandishi yalipopanda hakuna aliyeinuka.

Halafu kule uwanjani, mchana mweupe, mbele ya majirani wote, dada yangu alivua kiatu kilichobaki, akakunja kitenge chake, akapiga magoti mchangani. Mtu mwenye duka! "Tulitema mate," akaniambia. "Panda."

"Aa, miye njo binti mufalme!" binti yangu akaruka. Hakuwa na kitenge kichwani. Alikuwa amekiacha ndani, sakafuni.

"Ngoja zamu yako," nikamwambia. "Miye nimeanza kungoja mbele yako." Lakini alishapanda tayari, na hakutaka kushuka, na mimi pia sikutaka kukosa. Basi tulipanda wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma miguu ikiburuza chini, na farasi wetu akalia kwa sauti iliyofika kivukoni.