Vitambaa Vyeupe vya Dirishani

Mama yangu alikuwa amebaki na jicho moja. Lile la kushoto lilichomwa na bua la mtama akiwa binti, na la kulia, miaka ile ya tisini nilipokuwa nesi, likaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, hakuna kingine. Akipasuliwa ataona, asipopasuliwa, ndiyo basi tena. Na mtu anayelima peke yake huko kijijini kwetu Titye, haoni hata jembe linapotua, mlitaka aishi vipi?

Hospitali niliyofanya kazi ilikuwa ndogo, njiani kati ya Kasulu na Kibondo. Daktari wa macho hakuwa wetu. Alikuja mara moja moja na masanduku yake, asubuhi akaona wagonjwa, mchana akapasua, kesho yake akafungua bandeji na kuondoka. Mara mbili mama alikuja siku hiyo, na mara mbili jioni ilimkuta kwenye benchi, hajamfikia, akarudi Titye alivyokuja.

Nilikuwa nimemwambia, "Mama, njoo nikupitishe."

Akanigeuzia hilo jicho la ukungu. "Nipite mbele za watu kwa sababu nimezaa nesi? Mwana wanje, mwanangu, kwani nilikulea vibaya?"

Ukiambiwa hivyo na mama yako, unamwacha apange foleni.

Lakini kilichonichoma roho ni hiki: nje benchi zimejaa hadi watu wamekaa kwenye majani, wenyeji, Warundi wa kambini, Wakongo na "aksanti" zao, na huko ndani daktari anapiga miayo. Ndiyo, anapiga miayo! Anasubiri wagonjwa, na wagonjwa wanamsubiri yeye. Safari ile ya pili alifunga masanduku yake akaniambia kwa upole kabisa, "Sista, nikija tena nikakuta hivi, siku hii nitawapa wengine." Hospitali nyingine yenye daktari wa macho ilikuwa mbali mno, na mama asingekubali kwenda.

Nikamfuata metroni, mkubwa wetu wa manesi. Yeye alinionyesha ubao ukutani, aliouchora mwenyewe kwa rula: mgonjwa aanze dirishani kwa kadi, aende presha, aende maabara, aende kusomeshwa alama za macho, aingie kwa daktari. Safi kama barabara ya lami. Nikapita chumba kwa chumba kuuliza, na kila mtu akaniimbia wimbo ule ule wa ubaoni. Hakuna aliyedanganya. Ndivyo kila mmoja alivyoamini kazi inakwenda, maana kila mmoja aliona mlango wake tu.

"Basi tusiwaulize watu," nikamwambia metroni. "Tuziulize nyayo zao."

Nilikwenda Kasulu mjini kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, nikamwomba mabaki ya vitambaa. Akanijazia mfuko huku akinitania, "Nyinyi Waha, sasa mnatibu watu kwa viraka?" Nikamjibu tutaanza na yeye, tumtie kiraka mdomoni.

Siku za kliniki ya kawaida, njia ikiwa ile ile ya ubaoni, kila mgonjwa alipewa kamba ya mgomba akiingia getini. Kila chumba kilikuwa na rangi yake, na kila alipopita alifungiwa kitambaa, kimoja chini ya kingine. Dirishani nyeupe, presha nyekundu, maabara kijani, alama za macho njano. Akitoka, mlinzi wa geti anachukua kamba. Wagonjwa walizifurahia, wengine hawakutaka kuzirudisha.

Jioni tulizitandaza mkekani, mimi na metroni. Tulitegemea nyeupe, nyekundu, kijani, njano. Hee! Tukakuta nyeupe, nyekundu, nyeupe, kijani, nyeupe, njano, nyeupe. Kamba hii hivyo, na ile hivyo. Mkeka ulikuwa mweupe kama umeanikwa unga wa muhogo. Metroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kumbe watu walikuwa wanarudi dirishani. Wanapima presha, wanarudi, wanapanga foleni ile ile ya wageni wanaokuja kuchukua kadi, halafu wanakwenda maabara, wanarudi tena.

Tulimwendea mzee wa kadi, mtu mpole aliyeheshimiwa na kila mtu. "Mzee, hawa wanarudi kufanya nini?"

Akashangaa swali lenyewe. "Kunipa jibu. Si mimi ndiye niliyewatuma? Mtu ukimtuma mahali lazima arudi akwambie amefika na ameambiwa nini. Anakuja, tunasalimiana, anashukuru, anakwenda zake. Hiyo si kazi, Sista. Mliniuliza habari ya kazi."

Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kwetu ndivyo tulivyokuzwa. Ukitumwa kwa jirani kuomba moto, hata moto ukikosa unarudi kusema umekosa. Usiporudi wewe ni mtoto wa hovyo. Na salamu zetu mnazijua: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mbuzi. Pale dirishani mgeni mwenye homa anasubiri kadi, mbele yake kuna mtu anaelezea mbuzi.

Hasira hasara. Kesho yake nilisimama uani nikapaza sauti: kuanzia leo ni marufuku kurudi dirishani! Wakanisikiliza kwa adabu, wakaitikia, wakarudi dirishani. Mama mmoja aliondoka kabisa, bila dawa, akidhani amemkosea mzee wa kadi. Niliaibika sana.

Jumapili nikaenda Titye, nikamwaga hasira zangu jikoni kwa mama, nikihema. "Na wewe ni mmoja wao! Mara zote mbili, ulikuwa unarudi, si ndiyo?"

"Ningeachaje?" alisema, akipapasa kutafuta mwiko. "Yule mzee alinipokea vizuri."

"Mama, jicho litakufa kwa heshima!"

"Basi litakufa kwa heshima." Akakoroga ugali. "Lakini mimi silifuati dirisha, namfuata mtu. Angekuwa amekaa mlangoni kwa daktari, ningekwenda mlangoni kwa daktari."

Mwiko ulikuwa mkononi mwake, lakini aliyepigwa ni mimi.

Daktari aliporudi, mzee wa kadi, kama nilivyomwomba, aligawa kadi zote asubuhi, na kila aliyempa alimwambia, "Ukimaliza vyumba vyote nitakuwa kule." Kisha akabeba kiti chake mwenyewe, akakitua nje ya mlango wa daktari. Kijana wa stoo akabaki dirishani kwa wachelewaji. Watu walitoka presha, wakatupa macho dirishani, hawakumwona mzee wao, wakaendelea mbele. Mwisho wa vyumba walimkuta, wakampa jibu, wakaeleza mbuzi wote waliotaka, na walipomaliza mlango ulikuwa pale pale. Daktari hakupata nafasi ya kupiga miayo. Mama aliingia kabla ya saa sita, kwa zamu yake, hajampita mtu. Mchana wakampasua.

Usiku ule sikulala vizuri, nikiwaza itakuwaje bandeji ikifunguliwa. Asubuhi kazi ikanibana, nikawa nje kwenye meza ya vidonda, nafunga mmoja baada ya mwingine.

"Anayefuata," nikasema bila kuinua kichwa.

"Mwakeye, Sista," sauti ikanisalimu kwa Kiha.

Nikainua kichwa. Mama alikuwa amesimama peke yake, bila fimbo, bila mtu wa kumshika mkono. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na wale waliokuwa mbele yake nilikuwa nimeshawahudumia wote.

"Mama! Umepanga foleni?"

"Wewe ndiye uliyenituma," alisema. "Nimerudi kukupa jibu." Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama polepole, paji la uso, mashavu, nywele. "Mbona umeanza mvi, mwanangu, na hukuniambia?"

Nikamsogezea kiti. Akakaa, akaanza na habari za nyumbani, na foleni yote ikasimama kumsubiri.