Rudi, Kisha Useme Umerudi

Siku ile ninayoikumbuka mpaka leo, tulioshuka pwani tulikuwa wanawake wanne. Niwataje mmoja mmoja, maana binadamu hatajwi kwa mkumbo. Alikuwako Mwanatumu binti Saidi, mke wa shemeji yangu Hamisi. Alikuwako Riziki, wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, bado hajaolewa. Alikuwako Asha binti Nasoro, jirani yetu wa ua kwa ua. Na wa nne mimi, Mwanamisi binti Juma, bi arusi ambaye hina ilikuwa haijanitoka miguuni. Nchi kavu walibaki mavyaa wangu, Bi Mejumaa, mama yake mume wangu, na kaka yake huyo mama, Mzee Bakari, aliyekuwa akiziba mtumbwi wake uliovuja. Waume zetu, wangu Athumani na Hamisi wa Mwanatumu, walikuwa Mombasa wakichukua mizigo bandarini. Basi nyumba zetu mbili zilikuwa za wanawake watupu.

Mwanangu, mimi nilizaliwa Mkongani, kwenye mihogo na mahindi. Bahari niliijua kwa kuisikia. Nilipoolewa Msambweni nilifika sijui kupwa wala kujaa, na Riziki alinicheka sana. Akiniambia, "Wifi, hayo ni maji tu, hayana meno." Mimi nikimjibu kwamba hata kisima cha kwetu hakina meno na kimeshameza watu.

Wakati wa bamvua maji hupwa sana, na mwamba ulio mbali hutoka nje. Wanawake hushuka na mkonjo, ile fimbo ya ncha ya kumtolea pweza pangoni, na vikapu vyao, wakarudi kabla maji hayajageuka. Sasa kila mwanamke ana leso mbili. Moja anaingia nayo majini. Ya pili, iliyo kavu, anaiacha ufuoni ajifunge akirudi, asipite njiani amelowa nguo imemganda mwilini. Kwetu leso hizo zilitundikwa kwenye kamba ya makumbi ya nazi iliyofungwa baina ya minazi miwili. Na ada ilikuwa hii: kila mtu hutundika yake na huiangua yake. Leso iliyo kambani ni mtu aliye majini. Kamba ikiwa tupu, wote wamerudi.

Hiyo ilikuwa ada ya wote. Bi Mejumaa alikuwa na nyingine yake mwenyewe juu ya hiyo. Kila aliyerudi lazima aje mbele yake aseme kwa kinywa chake, "Mama, nimerudi." Hakutaka mtu amsemee mwenzake, wala hakutaka kutikisiwa kichwa. Hata kama amekuona kwa macho yake ukipanda kutoka ufuoni na kikapu kichwani, atakungoja useme.

Na si pwani tu. Mama yule kila kitu chake kilikuwa na mwendo mmoja. Kibiriti kilikaa juu ya dirisha la jikoni, kisu kilichomekwa kwenye makuti ya ukuta upande wa kulia, mbuzi ya kukunia nazi iliegemezwa nyuma ya mlango. Hakuketi kula kabla hajatia maji kwenye chungu cha kuoshea vyombo. Mimi niliyetoka nyumba ambayo kisu hutafutwa na watu watatu niliona ananionea. Nikikosea mahali pa kibiriti hakugomba. Alikichukua, akakirudisha, akanitazama. Afadhali angegomba.

Wasichana wakamtania. Riziki akasema mama yake anatuhesabu kama kuku. Asha akamjibu kwamba kuku wana nafuu, wao huhesabiwa kimya, sisi tunalazimishwa kuwika. Bi Mejumaa akayasikia, akaendelea kusokota makumbi yake, kisha akasema, "Kuku nikimpoteza nitanunua mwingine. Wewe, Riziki, nikikupoteza nitakununua kwa nani?"

Tukacheka, tukaenda zetu. Ujana, mwanangu, masikio yake yako mbali na kichwa.

Siku hiyo basi, tulifika mwambani jua bado halijawa kali. Mimi niliokota kome karibu karibu, sikuthubutu kwenda mbali. Asha na Riziki walikuwa mbele yangu. Mwanatumu alikwenda mbali kuliko sote, kwa sababu alikuwa hodari na kwa sababu pweza wakubwa hukaa huko. Ilipokaribia adhuhuri wingu likatanda upande wa kusini, jeusi, na upepo ukabadilika. Asha akapiga kelele turudi. Mwanatumu akainua mkono. Sote tukadhani amesikia. Kumbe alikuwa akimpungia pweza, namaanisha alikuwa akivuta mkonjo.

Mvua ikatukuta njiani. Pale kwenye kamba kila mtu alirukia leso yake akakimbia. Riziki, kwa wema wake, akaiona leso nyekundu ya Mwanatumu inaanza kulowa. Akamhurumia mke wa kaka yake. Akaiangua, akaikunja, akaitia ndani ya kikapu chake ili amfikishie ikiwa kavu, akasahau.

Bi Mejumaa siku zote hukaa pale pale kwenye minazi. Siku hiyo, mvua ilipoanza, alikuwa ameanika makopa uani, mihogo ya kula mwezi mzima, na Mzee Bakari akaitwa amsaidie kuyaingiza ndani. Walipotokeza tena kutazama pwani, kamba ilikuwa tupu.

Tukafika uani tumelowa, tunacheka. Asha akasema amerudi, akakimbilia kwao. Mimi nikasema nimerudi. Riziki naye akasema. Bi Mejumaa akawa bado amesimama mlangoni, anatazama nyuma yetu.

"Mwanatumu yuko wapi?"

Riziki akamwambia mama, kamba iko tupu, sote tumerudi, Mwanatumu atakuwa amepitia njia ya nyuma kwenda kwake kubadili nguo.

"Kamba haina kinywa," akasema Bi Mejumaa. "Mwanatumu hajaniambia."

Riziki akanong'ona kwamba mama sasa anazidi. Mimi nikainamisha uso nisionekane ninacheka. Bi Mejumaa akanigeukia mimi. Akaniambia niende mpaka nyumbani kwa Hamisi, nisirudi na habari ya kuona mlango wala moshi. Nirudi nimesikia sauti ya mwenyewe.

Nikaenda katika mvua ile nikinung'unika. Nyumba haikuwa mbali. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikabisha hodi hata hivyo, maana niliambiwa sauti. Nikazunguka jikoni, majivu yalikuwa baridi. Nikaita, "Dada Mwanatumu," nikaita tena. Mwanangu, nyumba isiyo na mtu ina namna yake ya kunyamaza, na mimi niliijua pale.

Nilirudi mbio. Sikuwa nimefungua mdomo, Bi Mejumaa akanisoma usoni. Na Riziki naye, mkono wake ukaenda wenyewe ndani ya kikapu, ukatoka na ile leso nyekundu. Akaketi chini kwenye tope.

Bi Mejumaa hakumgombeza hata neno. Alimwita kaka yake kwa jina, "Bakari," basi, na Mzee Bakari akashika upondo. Mtumbwi ule ulikuwa haujakwisha kuzibwa. Mimi niliyeiogopa bahari nikajikuta ndani yake na kata mkononi, nachota maji yanayoingia nayamwaga nje, huku mzee akiusukuma mtumbwi kwa upondo. Mvua ilikuwa imefunga kila kitu. Na pale tulipopita asubuhi kwa miguu, maji yalikuwa yamekuwa kina cha kumfunika mtu. Watu wasioijua pwani hudhani maji hujaa yakitokea mbele yako. Hapana. Huanza kujaa nyuma yako, baina yako na nchi kavu, nawe uko mwambani unaona pakavu.

Nilikuwa nasoma kila sura niliyoijua, na si nyingi. Mzee Bakari aliita. Akaita tena. Kisha akasema, nyamaza, na mimi nilikuwa sisemi kitu, nilikuwa nalia tu.

Tukasikia mtu anakohoa.

Alikuwa amesimama juu ya jiwe la matumbawe, maji yako kifuani, mkonjo ameukita chini ameukumbatia. Tulimvuta ndani kwa nguo na kwa nywele, popote tulipopata kushika. Midomo ilikuwa myeupe. Neno lake la kwanza sijalisahau, na alilisema polepole, kama mtu anayesimulia habari za mwingine.

"Mvua ilipopungua kidogo niliangalia ufuoni. Nikaona kamba tupu. Nikajua hakuna anayenitafuta."

Mzee Bakari akamjibu, "Kamba tupu, ndiyo. Lakini ulikuwa hujasema umerudi."

Hapo Mwanatumu akalia, na mimi nikalia, na mzee akatuambia tuchote maji tusiuzamishe mtumbwi kwa machozi. Tulipofika ufuoni Bi Mejumaa alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, leso yake ya pili ameiweka begani imelowa chapa. Akamshika Mwanatumu mashavu yote mawili. Hakumkumbatia, hakupiga kigelegele. Alingoja. Na Mwanatumu, meno yanagongana, akamwambia, "Mama, nimerudi." Basi ndipo yule mama akatuangukia mikononi, tukawa na watu wawili wa kubeba.

Jioni tulipokuwa tumekaa na uji wa moto wa pilipili manga, Mwanatumu akauliza pweza wake yuko wapi. Tulimshangaa. Akasema alikuwa amembana chini ya kwapa muda wote, mpaka tulipomvuta nywele. Tukacheka hata tukaumwa mbavu. Riziki peke yake hakucheka. Alikuwa amejikunja pembeni anangoja kugombezwa. Bi Mejumaa akamwita, akampakatia kichwa kama mtoto mdogo, akamwambia maneno ambayo nimeyachukua mpaka uzee wangu huu:

"Mwanangu, ulimtendea wema, na wema si kosa. Lakini wema unaoondoa kitu cha mtu uuseme kwa mdomo. Usipousema, mwenyewe hatakikuta kitu chake pale anapokihitaji."

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tulikuwa tunaudharau mwiba ule kila siku kwa kicheko. Kusema "nimerudi" kunachukua muda gani? Hata kumeza mate ni kazi zaidi. Na kitu chepesi namna hiyo ndicho kilichomtoa Mwanatumu baharini, maana ishara ilidanganya na macho yakadanganya. Mwanatumu alizaa watoto baada ya siku ile, Alhamdulillahi, na watoto wake wamezaa.

Tangu hapo sikumwona tena mavyaa wangu kuwa mtu wa kuonea watu. Nilianza kurudisha kibiriti mahali pake bila kutazamwa. Nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kichwa kinapumzika. Asubuhi sitafuti, naamka nashika. Kawaida ni kama sheria, lakini sheria hii haina askari, inakutumikia wewe mwenyewe.

Leo ninakaa Bongwe kwa mwanangu. Macho si yale. Dawa zangu za presha nimeziweka kando ya birika, na chai siinywi kabla sijameza, basi hata siku kichwa kikisahau, chai inanikumbusha. Ufunguo una msumari wake. Mjukuu wangu Saumu, anayefanya kazi hotelini Diani, alikuwa kila asubuhi anaipindua nyumba kutafuta kitambulisho na chaja huku mwenye tuktuk anapiga honi nje. Nilimwambia atafute kikapu kimoja tu, akifika avimwage humo kabla hajavua viatu. Alinicheka kwa Kiswahili chao cha Ukunda, akaniita "Bibi system". Sasa hivi hatafuti tena. Na akirudi husimama mlangoni kwangu akasema, "Shikamoo Bibi, nimerudi." Namjibu marahaba, nageukia ukuta, nalala. Hamjui raha ya neno hilo nyinyi msiokuwa na wa kumngoja.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Usianze na mambo makubwa ya kuyabadili maisha yako yote siku moja, utachoka kabla ya Ijumaa. Chagua dogo moja, ulifanye vile vile kila siku, hata siku ambayo huoni faida yake, kwa sababu siku ya faida haitoi taarifa. Kitu chako kipe mahali pake. Cha mwenzio usikiondoe bila kumwambia, hata kama unamsaidia. Mkamwanangu, mke wa mwanangu, siku moja alinipangia kabati kwa mapenzi, nikakaa siku nzima bila miwani. Ukienda, aga. Ukirudi, sema. Na mtu ambaye hajasema, usimsemee wewe kwa kuwa ishara zote zinaonyesha yuko. Nenda ukasikie sauti yake. Leo mna simu. Ni hatua chache kuliko zangu za mvuani.

Na ukiwa na mtu nyumbani anayekuuliza uliza mpaka unachoka, mvumilie. Anakuweka hai bila wewe kujua.

Mwenyezi Mungu awafungulie njia kila mtokapo, awarejeshe kwenu mkiwa wazima, na kila mlango mtakaoufikia awajaalie mtu ndani yake anayengoja kusikia mmefika. Amin.

Na wenzangu wa Msambweni mliobaki, nadhani Asha alikuwa binti Nasoro, ingawa mara nyingine jina la Masudi hunijia ulimini. Kama ndilo, au kama palikuwa na mtu mwingine ufuoni siku ile nami sikumtaja, tafadhali nisahihisheni. Sipendi kumwacha mtu.