Nilimfungulia dirisha dada yangu mgonjwa, nikaishi miaka yote nikijua nimemuua

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Nyie vijana mnaojua kila kitu, marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Hii haina chumvi. Atakayesema ni chai apite zake tu.

Niko Nyakato, Musoma, mstaafu. Kwangu mapazia huwa hayafunguliwi. Wiki iliyopita mjukuu wangu, anayesomea mambo ya ubongo chuoni, akaniuliza kwa nini. Nikaona nimwambie.

Enzi za kuhamia vijiji vya ujamaa tulikuwaga upande wa Bunda, wakulima wa pamba. Tulitolewa kwenye mji wetu wa ukoo, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba. Mwaka huohuo dada yangu mkubwa, Nyangeta, akashikwa na homa kali. Homa ikaisha, ikamwachia kifafa.

Kwetu waliaminiga mwanga unachoma ubongo wa mgonjwa wa namna hiyo. Mama akaziba dirisha kwa gunia la pamba, akakandika udongo pembeni. Dada akakaa gizani tangu palizi mpaka mavuno.

Mimi nikapewa kazi ya kushinda naye wengine wakiwa shamba la kijiji. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Alikuwa anawajua ng'ombe wetu wote kwa majina, sasa anasikia kengele zao tu.

Jioni moja akaniambia, "Masatu, nifungulie niwaone wakirudi."

Nikafungua. Jua lilikuwa jekundu, vumbi la ng'ombe limejaa njiani. Akawataja mmoja mmoja, akacheka mpaka machozi. Wakuu, sijasikia tena mtu akicheka vile.

Kesho yake asubuhi kifafa kikamshika vibaya. Mama akaona udongo umebomoka. Hakunipiga. Alisema tu, "Umemchoma dada yako ubongo."

Nikaziba lile dirisha kwa mikono yangu mwenyewe. Kila jioni dada akawa ananiomba, mimi naangalia pembeni. Hazikupita wiki nyingi, akafariki humohumo gizani.

Turudi kwa mjukuu. Naye anaitwa Nyangeta, nilimpa jina la dada, kwa hiyo huwa namwita dada.

Akanieleza kwamba ndani ya seli za ubongo kuna vinu vidogo vinaitwa mitokondria, ndivyo vinavyotengeneza nguvu. Seli zikiwa maabara, ukizimulika mwanga mkali wa bluu, zinaweza kuzidiwa na taka za oksijeni zinazoziumiza. Wanaita oxidative stress. Mimi stress ninayoijua ni ya mvua kuchelewa, lakini nikasikiliza.

Mwanga mwekundu nao wanauchunguza, huenda hata unavisaidia vile vinu. Ila hayo ni ya maabara, akasema, mtu ana fuvu la kichwa linalokinga mwanga, na bado hawajamaliza kubishana.

Nikamuuliza, sasa jua lile ndilo lilimuua?

Akanishika mkono. "Hapana, babu. Homa ndiyo ilimuumiza ubongo. Jua la dirishani halikumfanya kitu."

Mnadhani nilifurahi? Nililia kama mtoto mdogo. Kama kufungua hakukuwa kosa, basi kosa langu ni kule kuziba tena. Amekufa ananiomba kitu ambacho kisingemdhuru.

Na mama alishatangulia, akiamini ni mimi. Tangu siku ile hatukuwahi kuongea vizuri mpaka namzika.

Nilichojifunza ni kidogo. Mwenye mgonjwa wa kifafa ampeleke hospitali, asimfiche ndani. Na akiomba kukaa nje, jamani, mpeni kiti.

Mliowahi kuwa na ndugu aliyefungiwa hivyo, semeni hapa chini, nasoma yote. Hata wa kunilaumu aje, nimezoea.

Leo mapazia yako wazi. Dada amekaa dirishani, ananiuliza majina ya wale ng'ombe ayaandike. Nimekumbuka matatu tu. Mengine alikuwa anayajua Nyangeta.