Wakili Aliyekwenda Lufingo Kuuliza Swali Alilolisahau

Gazeti hili lina heshima kubwa kuutangazia umma wa Rungwe, Taifa zima na nchi jirani zinazotutakia mema, kwamba leo saa moja asubuhi, Mheshimiwa Wakili Msomi Nasma Zubery, mtetezi wa wanyonge na nguzo ya sheria Nyanda za Juu Kusini, amewasili rasmi katika kata ya Lufingo.

Amewasili akiwa amekaa kwenye matope.

Bodaboda imeteleza kwenye mteremko na kumwacha nyuma. Dereva wake, Amri, hana hata tone la tope, na anaanza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Dada wakili, nilikwambia ushuke tutembee."

"Uliniambia nishikilie."

"Nilisema yote mawili."

"Kesi yako ngumu, Amri. Tafuta wakili mwingine."

Nguzo ya sheria inanyanyuka, inakung'uta baibui na kuendelea kwa miguu katikati ya migomba. Imevaa mabuti ya mvua. Viatu vyake vya barazani vimo kwenye mfuko wa plastiki, vikavu na vyenye heshima kuliko yeye.

Anakwenda kufanya nini? Mwandishi wa habari hii alitarajia jambo zito. Wakili anajibu huku akiruka mfereji:

"Naenda kumwambia mteja wangu kwamba hakuna jipya."

Mteja huyo ni Hellen, mjane, ambaye majirani humwita Mama Tulia kwa jina la bintiye. Anasubiri hukumu kuhusu nusu eka ya migomba na chai aliyolima na marehemu mumewe. Shemeji yake, Yohane, anasema shamba hilo alipewa yeye. Hellen akishindwa, atabaki na nyumba na ua wa kuanikia nguo, basi.

"Mtu anayesubiri hukumu ukimkalia kimya, anajijibu mwenyewe," anasema Nasma. "Na anajijibu vibaya. Kwa hiyo nakwenda kumwambia hakuna jipya, na kwa nini hakuna, na lini nitakuja tena."

Hakuwa hivi tangu zamani. Nasma ni binti wa fundi cherehani wa Tukuyu mjini, mwenye asili ya Pwani. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, na Kinyakyusa chake kinatosha kugombana na muuza viazi yeyote wa Isongole na kumshinda.

"Ndicho kilichoniponza," anasema. "Nilidhani nawajua Wanyakyusa wote, kwa hiyo sikuuliza."

Mwaka jana, siku ya kwanza ya kesi kusikilizwa katika baraza la ardhi, shahidi mkuu alikuwa Mzee Ambindwile, baba mkwe wa Hellen, ambaye ndiye aliyegawa mashamba yote ya familia. Yohane alikuwa amekwisha kusema kwamba baba yake ameanza kusahau. Ilibidi mzee aje mwenyewe, aonekane, asikike.

Mzee akaingia na fimbo yake. Hapo hapo Hellen akajifunika kanga, akainama na kutoka mbio kwa mlango wa pembeni.

"Mnaona!" Yohane alipaza sauti. "Anamkimbia mzee kwa sababu anajua mzee atasema ukweli!"

Mwenyekiti wa baraza akamgeukia Nasma. "Wakili, mteja wako ameenda wapi?"

"Sikujua," anasema Nasma. "Niliinamia makaratasi nikaanza kupekua, kama vile jibu lingekuwa kule. Mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakusoma anafanya hivyo hivyo."

Mwandishi anathibitisha kwamba ndivyo inavyofanyika.

Shauri liliahirishwa, pamoja na onyo: mlalamikaji akitoroka tena kabla hajahojiwa, shauri lake litatupwa.

Kesho yake Nasma alikuja hapa Lufingo akiwa amekasirika. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ameandaa hotuba. Hellen alimkaribisha, akampa ungo wa maharage mabichi wamenye pamoja. Kabla hotuba haijaanza, kikohozi cha mzee kilisikika njiani. Hellen aliacha ungo ukamwagika, akapotelea nyuma ya jiko. Mzee Ambindwile naye, alipoona mlango uko wazi, akageuza uso upande wa chai na kupita bila kutazama.

"Nilibaki na maharage miguuni," anasema Nasma, "na hotuba yangu ikafia hapo."

Leo Hellen anaisimulia sehemu inayofuata yeye mwenyewe, akipakua mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, kwa wageni wake wenye matope.

"Huyu dada aliniuliza, 'Mama Tulia, kwa nini unamkimbia mzee?' Nikamwambia simkimbii. Namheshimu. Sisi wa zamani, mkamwana hakai mahali alipo baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake. Tangu niolewe sijawahi kumpita babu yake Tulia njiani. Nikimwona, mimi ndiye naingia porini."

"Hata kwenye mvua?" mwandishi anauliza.

"Mwanangu, huku kuna siku isiyo na mvua?"

Nasma alimuuliza kwa nini hakumwambia mapema. Hellen anacheka akikumbuka.

"Ulikuwa unaniuliza tarehe, dada. Tarehe na mipaka. Hukuniuliza mimi naishije."

Wakili aliomba radhi pale pale jikoni. Alimwambia mteja wake wazi kwamba kosa la siku ile lilikuwa lake, na kwamba akitaka kutafuta wakili mwingine atamkabidhi jalada lote bila kinyongo.

"Nikamwambia akae, chakula kinapoa," anasema Hellen.

Njia ilikuwepo: Hellen ahojiwe kwanza, amalize, kisha atoke kwa ruhusa ya baraza ndipo mzee aingie. Lakini kuomba ruhusa hiyo kulimaanisha kueleza sababu mbele ya watu, akiwemo Yohane. Hellen hakutaka. Mambo ya ukweni hayasemwi barazani.

Nasma angeweza kuyasema bila kumuuliza na kudai ni kwa faida yake. Hakufanya hivyo. Alimpa muda wa kufikiri, akarudi Tukuyu kusubiri. Siku moja kabla ya kesi, Hellen alimpigia kwa simu ya jirani.

"Sema. Lakini sema ni heshima. Usiseme ni woga, na usiniombee huruma."

Nasma alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Mwenyekiti alikubali. Hellen alihojiwa, akajibu yote akiwa amesimama wima, kisha akatoka na kukaa nje, chini ya dirisha, mgongo ukiwa ukutani. Mzee aliingia.

Yohane alimuuliza baba yake swali alilodhani litamaliza kesi. "Baba, wewe na huyu mwanamke hamjawahi kuongea. Ulimpaje shamba mtu usiyeongea naye?"

Mzee Ambindwile aliipapasa fimbo yake hadi watu wakaanza kuamini kwamba kweli amesahau.

"Nilimwambia kaka yako mpaka unapoishia," alisema. "Kaka yako akamwambia mkewe. Nilipokwenda kutazama, nikakuta migomba imepandwa mpaka pale niliposema, na haikuzidi. Wewe nilikuonyesha mpaka wako kwa mkono wangu huu, na ukazidisha. Anayenisikia ni yupi?"

Chini ya dirisha, Hellen alijiziba mdomo kwa kanga.

Habari hii imechelewa kuchapwa, lakini habari njema ni kwamba safari hiyo ya kupeleka "hakuna jipya" ndiyo ilikuwa ya mwisho ya aina yake. Wiki iliyofuata hukumu ilisomwa: shamba ni la Hellen. Nasma alitoka kwa mlango wa mbele kumpa mkono Mzee Ambindwile, kisha akazunguka jengo kumwambia Hellen, kisha akarudi kwa mzee akiwa amebeba shukrani za mkamwana. "Ndaga fijo," mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, akitazama kwingine kwa adabu. Kisha wakili akamweleza mteja wake kwamba Yohane bado ana haki ya kukata rufaa, na kwamba Yohane akikata, yeye wakili atakuja mwenyewe kumwambia.

Sasa Nasma ana mpango. Anataka kuajiri wakili kijana, na masharti ameshayaandaa.

"Siku ya kwanza nampa mabuti. Hafungui jalada la mteja kabla hajakaa kwake nusu siku akimenya kitu. Vitabu atavikuta ofisini, havikimbii."

Baba yake, Mzee Zubery, haachi kushona anapozungumza, lakini kila mteja anayeingia dukani husikia habari hizo. "Binti yangu huyo," anasema, hata kwa asiyeuliza.

Habari hii ilipaswa kuishia hapo, kwa fahari na bila doa. Mwandishi aliipeleka ofisini kwa wakili akisubiri pongezi. Nasma aliisoma yote.

"Nzuri. Mama Tulia alijua unaandika?"

Mwandishi alikohoa.

"Alijua wewe ni nani?"

"Aliniita mdogo wako."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia mbalaga ni tamu."

Wakili hakucheka. "Amri yuko nje. Akupeleke Lufingo ukamsomee Mama Tulia yote, yeye ndiye aseme kama itatoka."

Basi nakiri, na hapa sijifichi tena nyuma ya "mwandishi wa habari hii". Nilikwenda. Nikamwambia Mama Tulia kwamba mimi si ndugu wa wakili, ni mwanafunzi wa bweni ninayeandikia ukurasa wa vijana, na kwamba nilikula chakula chake na kuchukua maneno yake bila kumwomba. Aliendelea kumenya ndizi.

"Wakili hana mdogo wa kike," alisema. "Nilimuuliza baba yake dukani kwake, siku ya hukumu. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Nikamsomea. Pale penye heshima alinirudisha nisome tena, akaridhika. Nilipomaliza akanikazia macho.

"Itoe, na jina langu liache lilivyo. Hilo la kunidanganya, umeliandika?"

"Bado, mama."

"Liandike."

Nimeliandika.