Sura Tatu Zilizorukwa

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada la waridi, msichana kashika keki na mwanamume nyuma yake anacheka. Mwenye nyumba alikileta kutoka Dar es Salaam, kimeviringishwa kwenye khanga ndani ya begi. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na kila Jumamosi tulikutana kwake Hounslow, huku ughaibuni, wanawake saba, kufunga sambusa za kuweka friza. Mikono yetu sote ilijaa uji wa ngano wa kubandikia manda, isipokuwa ya mmoja wetu. Huyo alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Unguja, na yeye ndiye aliyetusomea kwa sauti.

Hadithi nyepesi. Msichana anauza keki, anaagizwa keki ya ofisini, anamkuta injinia wa maji, wanapendana, wanaoana sura ya saba. Palipokuwa na kubusiana sisi wenyewe tulipiga kelele, "Ruka, mwalimu, ruka!" Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyesema, "Aa, soma bwana, mimi nimelipa kitabu kizima."

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Bibi mmoja wa Pemba alikipenda mpaka akawa anawahi kuja. Jirani yake, ambaye anapika keki za harusi, alikasirika: "Keki gani ya mayai manane inaiva dakika kumi? Mwandishi huyu hajawahi kuwasha oveni." Mwingine alicheka injinia anavyokosha vyombo na kupika wali wa nazi. "Nionesheni huyo mwanamume. Nionesheni picha yake tu."

Mimi nilikuwa nafunga sambusa zangu kimya mpaka sura ya nane. Hapo injinia anamnyang'anya mkewe simu, anamkataza kuuza keki, anafunga geti kwa kufuli. Anamwambia, sitaki jicho la mtu likuguse. Wenzangu wakaguna kwa raha. Bibi wa Pemba akasema, "Ooh, kupendwa huko!"

Nikasema huko si kupendwa. Nikasema mtoto huyu hana akili, anasubiri nini?

Mwalimu akageuza kurasa, akasema, "Basi, wakagombana kidogo, wakapatana," akaendelea na sura ya kumi na mbili, wako sebuleni wanacheka.

Ndipo aliyekuwa wifi yangu, dada wa mume niliyeachana naye, akasema bila kuniangalia, "Umeona? Mwenye mapenzi hukaa. Si kila mtu akikasirika kidogo anabeba mfuko anakimbia."

Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyenitetea pia. Kwa wanawake wale mimi ni yule aliyemkimbia mumewe, miaka kumi na tisa sasa. Wananialika, wananipenda, lakini jina langu kwao ni hilo.

Majina ya watu siyataji, lakini vyeo vyao navitaja. Aliyenitoa shule darasa la tano ni shangazi yangu, dada yake baba, ili nimlelee watoto wake. Aliyekaa na pasipoti yangu miaka sita ni mume wangu. Akienda kazini alinifungia kwa nje. Na aliyejua ni wifi. Alikuja kila Jumapili, akafunguliwa mlango na kaka yake, akala pilau yangu, na nilipomnong'oneza jikoni akaniambia, "Vumilia, ana wivu kwa sababu anakupenda." Siku mume wangu aliposahau kufunga, niliondoka na mfuko mmoja wa nguo.

Jioni ile ya sura ya nane, tulipomaliza sambusa, nilimwomba mwalimu kitabu. Akaniangalia juu ya miwani. "Utakiweza?"

"Nitajaribu."

Nikakisoma kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, ambako nasafisha ndege, kidole kwenye mstari kama mtoto. Jumamosi mbili hatukukutana kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na mafua, nikapata nafasi. Nilipofika sura ya tisa, nikapitiliza kituo changu. Yule msichana anaondoka! Anachukua mashine yake ya kupigia mayai na nguo tatu, anaruka ukuta, anapanda basi la Morogoro kwa rafiki yake. Miezi minane anakaa huko anauza keki zake. Sura ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Zote tatu hatukusomewa.

Tulipokutana tena nilimuuliza mwalimu mbele ya watu. Hakukataa. "Wewe ulikuwepo, na wifi yako alikuwepo. Niliona bora yapite salama."

"Yalipita salama kwa nani, mwalimu?"

Akainuka. Nikanawa mikono, nikakaa kwenye kiti chake, nikasoma. Nilikwama, nikarudia mistari. Mwalimu alinisaidia neno moja gumu, kwa upole, nami nikalipokea. Hakuna aliyesema ruka.

Nilipomaliza, bibi wa Pemba akasema, "Kumbe mtoto ana akili!" Mpika keki akasema kitabu sasa ndiyo kimekuwa kitabu. Mwenye nyumba akalalamika, "Mimi kimeniharibikia. Nilitaka raha zangu, sasa nina mawazo."

"Soma na ya kumi na mbili," akasema wifi. "Maliza."

Nikaisoma, ingawa walishaisikia na mimi siipendi. Injinia anakwenda Morogoro, analia, anarudisha simu, anavunja lile kufuli, na msichana anarudi naye. Sikuacha hata neno.

"Si nilisema?" akasema wifi. "Amerudi kwa mumewe."

"Amerudi," nikamwambia. "Mimi sikurudi. Na wewe ulikuwa unajua kwa nini."

Chumba kizima kilimgeukia. Nilidhani atanitukana, au atasimama aondoke. Alikaa pale pale, mikono mapajani.

"Nilikuwa najua," akasema. Kisha akasema, "Alikuwa kaka yangu."

Hakuniomba radhi, na mimi sijamsamehe. Lakini alilisema mbele ya wanawake watano, na wote wamelisikia.